Cefaly Dual: kifaa cha kipandauso ambacho siri yake iko kwenye kitufe kimoja

Cefaly Dual huvaliwa kwenye paji la uso. Hupitisha umeme mdogo kwenye ngozi hadi kwenye matawi ya juu ya neva ya trijemina (neva kuu ya hisia za uso), yale yanayopita juu ya nyusi. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, iliruhusu Cefaly ya kwanza Machi 2014 kwa kukinga kipandauso, kwa cheti cha daktari. Tangu 2020, Dual inanunuliwa huko bila cheti.

Ina programu mbili. Ya kinga hutumia hezi 60 (mipigo 60 kwa sekunde) kwa dakika 20 kila siku, na ya kutuliza shambulio hutumia hezi 100 kwa dakika 60. Masafa hayo, pamoja na upana wa mpigo wa mikrosekunde 250, yamefungwa kiwandani. Wewe unaachiwa nguvu ya mkondo tu, na hapo ndipo wengi wanapoharibu.

Mkondo huanza kwenye miliampea 1 na kupanda wenyewe hadi 16 kwa dakika 14, yaani miliampea moja hivi kila dakika. Ukibonyeza kitufe mkondo ukiwa bado unapanda, mkondo unabaki palepale ulipofika hadi kikao kiishe. Kifaa hakina skrini, kwa hiyo weka saa karibu. Ukibonyeza dakika ya 6, uko kwenye miliampea 7 na ushee. Andika dakika hiyo, na kesho uwe na pa kuanzia.

Usimamishe wapi? Mwanzoni utasikia mwasho mwepesi chini ya elektrodi, yaani kibandiko cha jeli kinachopitisha umeme kwenye paji. Ukiendelea, inakuja ganzi ya kuchomachoma inayopanda kuelekea utosini, wakati mwingine ikishuka hadi puani. Kusambaa huko ni dalili nzuri, maana neva yenyewe imefikiwa. Mchomo unaobaki sehemu moja kama ncha ya sindano ni shida ya ngozi au ya jeli, na kuuvumilia hakukusaidii chochote. Acha mkondo upande hadi ganzi iwe nzito lakini bado unaweza kukaa bila kukunja uso, kisha bonyeza. Baada ya siku mbili tatu za utulivu, ongeza nusu dakika. Ngozi na neva huzoea, na aliyeanzia miliampea 5 anaweza kufika 12 au hata 16 bila taabu. Ukiona umepitiliza, zima, pumzika kidogo, uanze upya.

Kosa la upande wa pili halizungumzwi sana: kubonyeza mapema mno kila siku kwa woga. Katika jaribio la Ubelgiji lililochapishwa 2013, lenye wagonjwa 67, kifaa cha uongo, walichopewa baadhi yao kwa ajili ya kulinganisha, kilitoa miliampea 1 tu, kwa hezi 1. Waliopungukiwa na siku za kipandauso kwa nusu au zaidi walikuwa asilimia 38.1 kwa kifaa halisi, na asilimia 12.1 kwa kile cha uongo. Anayesimamisha mkondo dakika ya kwanza siku zote asishangae asipoona nafuu.

Elektrodi ndiyo sehemu dhaifu ya bidhaa hii. Kifaa hulazimisha kiasi kilekile cha mkondo kipite hata jeli ikikauka. Eneo linalogusa ngozi likipungua, umeme wote unabanana kwenye doa dogo, na hapo ndipo unapouma. Pembe ikibanduka kabisa, kikao hukatika. Kwa hiyo osha paji kwa maji na sabuni, ukaushe, na usipake mafuta, losheni wala poda kabla. Elektrodi ikae katikati, ukingo wa chini ukiwa juu kidogo ya nyusi, na uikandamize kwa kidole kuanzia katikati kwenda pembeni. Ikienda mrama kwa sentimita moja tu, upande mmoja utachoma na mwingine hutausikia. Ukimaliza, irudishe kwenye plastiki yake mara moja. Wenye ngozi inayovimba au kutoa vipele wachague ile ya jeli ya bluu, na wakiendelea kuwashwa waache.

Wakati wa shambulio, usitumie dakika yako ya kila siku. Kichwa kikiuma, ngozi ya paji inaweza kuwa nyepesi kuumia kiasi kwamba hata kuguswa na nywele kunauma. Simamisha mapema, hata kwenye nusu ya kiwango chako, na utimize saa nzima. Anza mapema iwezekanavyo. Ukingoja hadi unatapika, hata kuivaa kutakushinda. Programu hizi huwaletea baadhi ya watu usingizi, kwa hiyo usiendeshe gari ukiwa umeivaa.

Kwa kinga, usitoe hukumu kabla ya miezi mitatu. Utafiti mwingine wa 2013 uliwafuatilia watu 2,313 waliokodi kifaa hiki. Asilimia 46.6 hawakuridhika wakakirudisha, lakini ilipokaguliwa, kwa wastani walikuwa wamekitumia chini ya nusu ya muda ulioelekezwa. Madhara yaliripotiwa na asilimia 4.3, nayo yalikuwa mepesi na ya kupita.

Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, au chuma ama kifaa chochote cha umeme kilichopandikizwa kichwani, asiiguse Cefaly. Na kichwa kilichoanza kuuma kwa namna ngeni kabisa kwako kinahitaji daktari kwanza.

Naipendekeza kwa anayepata kipandauso mara kwa mara na yuko tayari kutenga dakika 20 kila siku. Laiti ingekuwa na skrini ndogo ya kuonyesha miliampea. Agiza elektrodi za akiba pamoja na kifaa: moja hudumu vikao 20 hivi, kwa hiyo kwa matumizi ya kila siku haifiki mwisho wa mwezi.