Kihori cha Kufuatana na Boti Ndogo Ziwa Nyasa: Kipi Kinunuliwe Kwanza

Mkazi wa Mbeya mwenye boti ya mashine ya mita 5 hadi 7 iliyowekwa Matema hugundua mapema kwamba boti hiyo peke yake haitoshi. Ufukwe wa Matema ni wa mchanga unaopigwa na mawimbi, na boti ikisogezwa hadi nchi kavu siku yenye upepo hugongwagongwa chini mpaka ipasuke. Ukielekea Ikombe kwa Wakisi wafinyanzi, milima ya Livingstone inashuka moja kwa moja hadi majini, na mahali pa kuegesha ni pachache. Kwa hiyo boti hutiwa nanga mbali kidogo na ufukwe, na watu hushuka kwa kihori, yaani chombo kidogo cha kuwafikisha ufukweni. Swali la mnunuzi ni kihori cha aina gani kitakachosafiri na boti hiyo bila kuihatarisha.

Watu wengi hupima kwa bei na kwa idadi ya abiria. Mimi napima kwa jambo moja kabla ya hayo yote: je, watu wawili wanaweza kukitoa majini na kukilaza ndani ya boti kabla upepo haujakomaa? Ziwa Nyasa lina urefu wa zaidi ya kilomita 500, na Matema iko kwenye ncha yake ya kaskazini, hivyo upepo wa mwera utokao kusini, ambao huvuma kwa nguvu zaidi kati ya Mei na Agosti, huwa umesukuma mawimbi kwa mwendo mrefu sana kabla hayajafika kwetu. Kihori kinachoburutwa katika hali hiyo hujaa maji, na kihori kilichojaa maji ni nanga iliyofungwa nyuma ya boti yako.

Kwa kipimo hicho, nafasi ya kwanza naipa boti ya mpira ya kujaza upepo yenye urefu usiozidi mita 2.7, ambayo sakafu yake ni ya vibao vyembamba vinavyokunjika pamoja nayo. Uzito wake kwa kawaida ni kati ya kilo 25 na 35, inabebeka na watu wawili, na ikishatolewa upepo inaingia kwenye mfuko. Epuka yenye sakafu ya aluminiamu kama huna haja ya kuifunga mashine, kwa sababu uzito unapanda haraka na kuikunja kunakuwa kazi. Zingatia pia kitambaa. Cha PVC, yaani cha plastiki, ni cha bei nafuu lakini jua letu hukichosha mapema. Mpira ambao wauzaji bado wanauita Hypalon, ingawa kampuni ya DuPont iliacha kuutengeneza miaka mingi iliyopita, hustahimili jua zaidi na hugharimu zaidi. Gundi ya kimoja haishiki kwenye kingine, kwa hiyo uliza unauziwa kipi na uchukue viraka vyake siku hiyohiyo.

Hapa kuna jambo ambalo wenzetu wa pwani hawalijui. Mirija ya boti hizi hujazwa takriban robo ya baa (kipimo cha mgandamizo wa hewa) tu. Jiji la Mbeya liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na ziwa liko chini ya mita 500. Tofauti ya mgandamizo wa hewa kati ya sehemu hizo mbili ni zaidi ya sehemu moja ya kumi ya baa. Ukiijaza boti nyumbani, ukaifunga kwenye keria ya gari na kuteremka nayo kupitia Tukuyu na Ipinda, itafika imelegea hata kama haina tundu lolote, na ukiitia kwenye maji yenye ubaridi italegea zaidi. Safari ya kurudi ni mbaya kuliko hiyo, kwani iliyokazwa ziwani hupanda mlima ikivimba na inaweza kufumuka kwenye maungio. Ijaze ziwani, itoe upepo ziwani, na pampu ya mguu isikosekane botini.

Nafasi ya pili ni kihori cha plastiki ngumu chenye kuta mbili, ambacho hakizami na hakidhuriki kikiburutwa kwenye mawe. Kasoro yake ni kwamba hakikunjiki, na kwenye boti ya mita 5 kinachukua nafasi yote ya abiria. Cha faiba nakiweka cha tatu: kinaenda vizuri kwa makasia na fundi wa kukiziba anapatikana, lakini kikigonga ubavu wa boti, vyombo vyote viwili huumia. Mtumbwi wa gogo ni wa mwisho, wala hilo si kuudharau, maana hakuna chombo kinacholijua ziwa hili kuuzidi. Ila ulichongwa ili upigwe kasia na mwenyewe, haukuchongwa uburutwe mtupu kwa kasi ya mashine, na ukipinduka hauinuliki. Vile vya plastiki nyembamba vya kuchezea watoto sivipi nafasi yoyote.

Kamba ya kukiburutia kihori nyuma ya boti maji yakiwa matulivu ni sehemu ya ununuzi. Ya nailoni hunyumbuka na kupunguza mshtuko, lakini huzama, na kamba iliyozama wakati unarudi nyuma huishia kwenye propela. Kwa boti ndogo nanunua ya polipropilini, ambayo huelea, na kuibadilisha inapoanza kuota manyoya kwa jua. Ifunge kwenye pembe zote mbili za tezi, yaani nyuma ya boti, ili mvuto uwe katikati, kisha rekebisha urefu mpaka kihori kitulie, kisiikimbilie boti wala kuistua kamba. Makasia, mizigo na mashine ya kihori vihamishiwe botini kwanza, na mtu asikae ndani yake kinapoburutwa. Kabla ya kutia nanga, ivute kamba yote karibu kwa mkono.

Kabla ya kulipia boti ya mpira, mwombe muuzaji aijaze dukani jioni na muiache kivulini mpaka asubuhi, kisha pakeni maji ya sabuni kwenye vali na maungio. Muuzaji anayekataa jaribio hilo aachiwe boti yake.