Steshenari ya Tabora iliyonipigia simu kuhusu kura za Yorkshire

Ni duka dogo, mtaa wa pili ukitoka Soko Kuu, upande ule wa mafundi cherehani. Mlango mmoja, kaunta ya mbao, mashine mbili za fotokopi, printa moja ya rangi, na nje kuna benchi la wateja chini ya mwembe. Nimefundisha Historia kidato cha tano na cha sita kwa miaka kumi na tisa hapa Tabora, na muda wote huo nimekuwa mteja wa steshenari za mji huu. Mitihani, notisi, ramani, mabango ya mahafali, vyote nimepeleka. Ninawapa nyota nne kati ya tano, na nitaeleza ile moja imebaki wapi.

Kwanza kazi yenyewe. Kila tukifika mada ya kukua kwa demokrasia Ulaya, wanafunzi wangu huigiza uchaguzi mmoja wa kweli, siku nzima, uwanjani. Kwa mwaka wa pili mfululizo nimechagua uchaguzi mkuu wa Bunge la Uingereza wa 1807, na kati ya majimbo yote nikachukua Yorkshire. Nilihitaji vijitabu 42 vya kurasa 16, madaftari matatu ya kura yenye mistari ya kuandikia, jedwali kubwa la ukutani lenye safu 15, moja kwa kila siku ya kupiga kura, na kadi za wagombea watatu zilizofanyiwa laminesheni.

Mwaka jana kazi hii niliipeleka kwingine. Walichapa 1870 badala ya 1807 kwenye jalada, vijitabu vyote. Niliomba warudie, nikaambiwa "si tarehe tu hiyo, madam." Usiku ule nilisahihisha kimoja kimoja kwa kalamu nyekundu, nikiwa na hasira mpaka mkono unatetemeka. Kwa mtoto wa Tabora, 1807 na 1870 si tarehe tu. Mwaka 1807, mwezi Machi, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kukataza meli zake kubeba watumwa. Mwaka 1870 misafara ilikuwa bado inapita hapa hapa, kutoka Ujiji kwenda Bagamoyo, na pembe za ndovu na watu. Soko la watumwa la Unguja halikufungwa hadi 1873. Ukibadilisha hizo tarakimu mbili umewanyang'anya wanafunzi wangu swali lote.

Kwa hiyo mwaka huu nilienda kwa hawa wa karibu na Soko Kuu. Jumatano saa tisa alasiri. Binti wa kaunta akanipokea, "Shikamoo madam," akachukua flashi, akaisafisha virusi kwanza, akafungua faili mbele yangu, akapitia kurasa zote kumi na sita kabla ya kutaja bei. Hili peke yake ni jambo la kushukuru. Akaniambia, "Madam, tukiukunja, karatasi moja ya A4 inabeba kurasa nne. Kijitabu kimoja kitakuwa karatasi nne tu, pini mbili katikati." Hesabu ikatoka hivi: upande mmoja shilingi 100, kijitabu 800 badala ya 1,600. Kwa vijitabu 42 ni 33,600. Nilikuwa nimejiandaa kutoa mara mbili ya hapo. Angeweza kunyamaza akachukua pesa yangu, hakufanya hivyo.

Alhamisi asubuhi, nimeshika chaki, simu ikaita.

"Madam samahani, ukurasa wa kumi na moja. Umeandika waliopiga kura ni elfu ishirini na tatu na ushee. Halafu Wilberforce 11,808, Milton 11,177, Lascelles 10,990. Nimejumlisha mara mbili, inakuja 33,975. Tuchape hivyo hivyo?"

Nilisimama pale mbele ya darasa nisijue niseme nini. Katika miaka kumi na tisa hakuna duka lililowahi kujumlisha namba zangu. Na kosa lilikuwa langu kweli, siyo la hesabu bali la kueleza: sikuandika popote kwamba Yorkshire ilikuwa inatoa wabunge wawili, na kwamba kila mpiga kura alikuwa na kura mbili. Ukitaka, unawapa wawili. Ukitaka, unampa mmoja tu na ile ya pili unakaa nayo, usije ukamsaidia mpinzani wa mtu wako. Kwa hizo namba, watu takribani elfu kumi na mbili walifanya hivyo. Nikamwomba asubiri, nikamtumia aya mpya kwa WhatsApp wakati wa mapumziko. Wanafunzi 42 wangeisoma hesabu isiyoelezeka na wangeniona sijui ninachofundisha, kama si yule binti.

Waliahidi kazi itakuwa tayari Ijumaa jioni. Haikuwa tayari. Jumamosi saa nne nikafika, umeme ukakatika nikiwa mlangoni, na hawana jenereta. Nikakaa chini ya mwembe mpaka saa saba kasoro. Kwa mtu mwenye haraka, hii ni kasoro kubwa na nawaambia wazi: wanunue hata kajenereta kadogo, kazi wanazo.

Lakini kusubiri kule kulinipa kitu kingine. Binti alitoka na ule ukurasa wa kumi na moja mkononi, akaketi, akataka kuelewa. Mzee mmoja fundi cherehani akasimamisha mashine yake ya kukanyaga kwa mguu naye akasikiliza. Basi nikaeleza.

Nikawaambia: chukueni mkoa wetu wote, Kaliua, Urambo, Sikonge, Uyui, Nzega, Igunga. Sasa kila mwenye haki ya kupiga kura afunge safari aje uwanja mmoja hapa mjini, hakuna kituo kingine. Ndivyo ilivyokuwa Yorkshire, kaunti kubwa kuliko zote za Uingereza. Kura zote zilipigwa mji wa York, kwenye uwanja wa ngome. Kuanzia tarehe 20 Mei hadi 5 Juni, siku kumi na tano ukitoa Jumapili mbili. Na kabla ya hapo walikuwa wamekaa zaidi ya miaka sitini bila kupiga kura kabisa katika kaunti ile, kwa sababu wakubwa walikuwa wanapatana wao kwa wao nani aende bungeni.

"Nani alikuwa na haki?" akauliza mzee. Mwanamume mwenye ardhi yake mwenyewe yenye kumwingizia angalau shilingi arobaini kwa mwaka. Kipimo hicho kiliwekwa 1430 na hakikubadilishwa karne nne. Mwanamke hapana. Mpangaji hapana. Kibarua wa kiwanda cha nguo hapana, hata kama anajua kusoma kuliko bwana wake. Wakati huo huo mahali panapoitwa Old Sarum, kilima kisicho na nyumba hata moja, palikuwa na wabunge wawili, sawa na Yorkshire nzima. Leeds, mji wa wafumaji, haukuwa na mbunge wake hata mmoja mpaka mageuzi ya uchaguzi ya 1832.

Na kura haikuwa ya siri. Unapanda kibandani, unataja jina lako, kijiji chako, ardhi yako, kisha unamtaja mgombea kwa sauti, karani anaandika. Uchaguzi ukiisha, lile daftari linachapwa kitabu na kuuzwa. Yeyote anaweza kununua akaona ulimpa nani. Hapo ndipo mzee aliposema jambo ambalo nimeliweka kwenye maandalio yangu ya somo: "Sasa mwalimu, hata kama kishamba ni changu, si nashona nguo za yule tajiri? Akisikia sikumpa, kesho vitambaa anampelekea fundi mwingine." Ndivyo ilivyokuwa hasa. Mwenye duka alipoteza wateja, mkulima alipoteza shamba la ziada alilokodi kwa kabaila. Uingereza walipata kura ya siri 1872.

Binti akauliza kuhusu wagombea. Milton, kijana aliyetimiza miaka ishirini na moja mwezi ule ule wa Mei, mtoto wa kabaila Fitzwilliam. Lascelles, wa familia ya Harewood, utajiri wao umetoka kwenye mashamba ya miwa ya Barbados yaliyolimwa na watumwa. Na Wilberforce, aliyepigania miaka ishirini sheria ile ya Machi. Bunge lilipopiga kura mwezi Februari, 283 waliikubali na 16 waliikataa. Nyumba zile mbili kubwa zinasemwa zilitumia karibu pauni 100,000 kila moja: magari ya farasi, nyumba za wageni, chakula na pombe kwa maelfu ya watu kwa majuma mawili. Wilberforce alichangiwa na wafuasi, na wengi wao walijitegemea njiani, wengine kwa miguu, wengine kwa mashua mtoni. Aliongoza. Lascelles alishindwa na Milton kwa kura 187.

Mzee akahesabu vidole. "Mia moja themanini na saba, kwa pesa zote hizo?" Akarudi kwenye cherehani yake akitikisa kichwa.

Sababu ya mimi kuushikilia uchaguzi huu ni swali la msichana mmoja wa kidato cha tano, miaka michache iliyopita, tukiwa Kwihara kwenye tembe alilokaa Livingstone 1872. Aliuliza, "Madam, sheria 1807, na huyu mzungu anakuta watumwa hapa miaka sitini na tano baadaye. Ile sheria ilikuwa ya nani?" Sikuwa na jibu zuri siku ile. Nililonalo sasa ni kwamba ilikuwa sheria ya meli za Waingereza na iliamuliwa na Bunge lililochaguliwa na wenye ardhi wachache, wakasimama kibandani wakataja majina. Waliouzwa hawakuwa kwenye daftari lolote la kura. Wanafunzi wanapoigiza, huwa nawapa wengine kumi nafasi ya kukaa pembeni bila kura, wakitazama. Hao ndio huandika insha nzuri kuliko wote.

Turudi dukani. Vijitabu vimetoka safi: maandishi yamekolea, kurasa zimefuatana, pini imekaa katikati na haichomi mkono. Jedwali la ukutani waliliunga kwa karatasi nne za A3, na kiungo hukioni mpaka usogee karibu. Madaftari ya kura waliyafunga spairo na kuweka jalada gumu bila mimi kuomba, kwa vile, alivyosema binti, "makarani wataandika wamesimama."

Nyota niliyoinyima ni ya rangi na laminesheni. Watu wa Milton walivaa rangi ya chungwa, wa Lascelles bluu. Bluu imetoka vizuri. Chungwa limetoka kama matofali, maana wino wa njano ulikuwa unaishia na walijua. Wangeniambia ningengoja Jumatatu. Kadi mbili pia zimeshika mapovu ya hewa pembeni. Nilipolalamika, mwenye duka mwenyewe alitoka nyuma, akaniomba radhi, akapunguza shilingi 3,000 bila mabishano. Nikaridhika, ila kadi zenyewe bado zina rangi ya matofali.

Siku ya uchaguzi wetu wasichana walipiga kura tangu saa mbili asubuhi hadi saa nane. Makarani waliandika wamesimama, kweli, na yale majalada magumu yaliwasaidia. Mmoja alitajiwa jina la mgombea kwa sauti ndogo sana, akamwambia mpiga kura arudie kwa nguvu ili uwanja wote usikie, na uwanja ukanyamaza. Daftari lile ninalo kabatini, limechakaa pembe moja tu.

Kwa wanaotaka kwenda: wanafungua saa mbili asubuhi, wanafunga saa kumi na mbili jioni, Jumapili hawapo. Wanapokea pesa taslimu na kwa simu. Kazi ya rangi peleka mwanzoni mwa wiki, na uliza kuhusu wino kabla ya kulipa. Kazi yenye namba nyingi ipeleke kwa yule binti wa asubuhi, usimwachie kijana wa jioni ambaye ni mwepesi wa mikono lakini hasomi. Mimi Jumatatu ninarudi na kijitabu kingine, cha uchaguzi wa 1831 uliofungua njia ya mageuzi, kurasa 20. Binti ameshaniomba nakala moja ya ule wa 1807 abaki nayo, na ameniuliza kama huu mpya nao una majedwali.