Peugeot 504: krenki ya zamani au mpya?

Ukifungua injini ya petroli ya 504, ile ya sentimita za ujazo 1971, swali kubwa ni krenki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni. Kama haina ufa wala haijapinda, mimi naichonga: chuma chake cha asili ni kizuri, na bering nene zaidi huziba nafasi iliyochongwa. Krenki mpya isiyojulikana ilikotoka siiamini. Krenki yoyote ipimwe kwa maikromita kabla ya kufungwa.

Slivu, mirija ambamo pistoni hupanda na kushuka, ni kinyume kabisa. Maji huzigusa moja kwa moja, kutu huzila kwa nje huku ringi za pistoni zikizikwangua kwa ndani, na huchomolewa bila kukereza bloku. Zikilika, nunua seti nzima pamoja na pistoni.

Gasketi? Mpya, kila mara.