Krismasi: Brugge au Gent?

Kati ya miji hii miwili ya Ubelgiji, kwa macho tu, Brugge inashinda. Jioni ya Desemba taa za uwanja wa Markt humulika mnara wa kengele wenye ngazi 366, na harufu ya chokoleti ya moto hukufuata hadi mferejini. Ila wikendi ni nyomi, na vyumba vya mji mkongwe huwa ghali.

Gent ni mji wa wanafunzi. Watalii wakiondoka, maisha yanaendelea. Katika kanisa kuu la Mtakatifu Bavo kuna mchoro wa altare wa wachoraji wawili ndugu, akina van Eyck, uliokamilika 1432. Huo ningeufuata hata kwenye mvua.

Kutoka stesheni, Brugge unatembea. Gent panda tramu.

Usiku mmoja na mwenzi wako? Brugge, katikati ya wiki. Siku tatu, mfuko mwembamba? Lala Gent, treni hadi Brugge ni kama nusu saa.