Vichwa vya Swila Visivyotengenezwa Tena: M-400 ya General Electric na OV-25 ya Westinghouse

Watu huzitazama taa za barabarani kutoka chini, tena aghalabu zikiwa zimewaka, ndiyo maana wanaozisifu au kuzilaumu huishia kuzungumzia rangi ya mwanga. Mimi nimezifahamu kwa upande wa juu. Kwa miaka sita nilifanya kazi kwa mkandarasi wa matengenezo hapa Ohio, nikisimama ndani ya kikapu cha gari la kuinulia mafundi, mita tisa kutoka kwenye lami, glavu mbili mikononi, usiku wa Januari. Taa tatu ninazozitathmini hapa nimezinunua moja baada ya nyingine kwenye yadi ya vyuma chakavu, kila moja kwa bei isiyozidi dola 40, nikazifungua mezani hadi skrubu ya mwisho. Kipimo changu kikuu ni kimoja: siku taa inapoharibika, humfanya nini fundi aliyetumwa kuitengeneza?

Zote tatu ni za jamii ambayo Wamarekani huiita kichwa cha swila, kwa sababu ya shingo yake nyembamba na paji lililotanuka. Umbo hilo lilienea tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati balbu za mvuke wa zebaki zilipokuwa zikichukua nafasi ya balbu za waya, na halikubuniwa kwa ajili ya urembo. Balbu ya zebaki haiwaki bila choki, na choki, kifaa kinachouzuia mkondo wa umeme usizidi, ni donge zito la chuma na waya wa shaba linalohitaji mahali pa kukaa. Likiwekwa nyuma, karibu na mkono wa nguzo, na balbu ikalazwa mbele, unapata swila.

Naanza na OV-25 ya Westinghouse, iliyouzwa kwa jina la Silverliner, kwa kuwa ndiyo nzuri kuliko zote kwa macho. Mgongo wake wa alumini unateremka kutoka kwenye mkono wa nguzo hadi puani bila kuvunjika popote, na hata baada ya miaka mingi ya mvua na chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu, yangu ilirudisha mng'ao kwa maji ya sabuni na kitambaa tu. Kioo chake kimebonyea chini kama bakuli, na ukikipitishia vidole unasikia mistari ya vijiprisimu inayoupinda mwanga na kuutupa mbali kando ya barabara, ili nguzo ziweze kupishana kwa masafa marefu bila kuacha giza katikati. Bakuli hilo lina gharama yake: sehemu ya mwanga hutoka kwa mlalo na kumwingia dereva machoni, na nyingine hupanda angani bila kumfaa yeyote. Vioo bapa vya baadaye vilitibu kasoro hiyo, ingawa kwa kioo bapa nguzo hutaka kukaribiana zaidi.

Nilipoifungua ndipo mapenzi yangu yalipopungua. Katika hii niliyo nayo, choki imefungwa kwa boliti ndani ya mwili wenyewe, nyuma kabisa, na boliti mbili kati ya hizo hazifikiwi na spana isipokuwa waya za holda zimeondolewa kwanza. Mezani ni kazi ya dakika 20. Juu, ukiwa umeinamisha shingo na upepo unakusukuma, ni kazi ya saa nzima, na boliti moja ikiponyoka inaangukia barabarani.

M-400 ya General Electric haina uzuri huo. Mgongo wake ni mpana, na kwa mbali unaonekana kama kiatu kizito. Lakini waliouchora walimfikiria fundi. Toleo liitwalo Powr/Door lina milango miwili upande wa chini: wa mbele unashika kioo, na wa nyuma umebeba choki, kapasita na ignaita (kifaa cha kuianzisha balbu kuwaka), vyote vikiwa vimefungwa juu ya mlango wenyewe na kuunganishwa na taa kwa plagi. Fundi hafungui boliti hata moja ya choki. Anachomoa plagi, anaunyanyua mlango kutoka kwenye bawaba zake, anaweka mwingine ulio mzima, anachomeka, anafunga. Ule ulioharibika anashuka nao na kuutengeneza karakana, palipo na joto na mwanga. Nimewahi kubadilisha milango ya aina hiyo usiku kucha, taa baada ya taa, na sikuwahi kukaa robo saa kwenye nguzo moja. Kwangu huo ndio ubunifu bora kuliko wowote niliouona katika taa za barabara, na nasikitika kwamba watu wanaopita chini yake hawana njia ya kuujua.

Kuna jambo dogo ambalo taa hizi zinashirikiana, nami hulipenda. Juu ya mgongo pana soketi ya matundu matatu ya kukazia fotoseli, yaani kihisi cha mwanga kinachoiwasha taa giza linapoingia, kwa kuizungusha, na soketi yenyewe hugeuzwa ili jicho la fotoseli lielekee kaskazini, jua lisilipige moja kwa moja. Chini ya tumbo pana kibandiko cha rangi kinachosomeka kutoka ardhini: buluu ni zebaki, manjano ya dhahabu ni sodiamu ya shinikizo la juu, nyekundu ni metali halaidi, na tarakimu iliyoandikwa ukiizidisha kwa 10 unakaribia wati za balbu, yaani 25 ni wati 250 na 40 ni wati 400. M-400 yangu ilikuwa na kibandiko cha manjano kimebandikwa juu ya cha buluu, na hiyo ni historia ya miji mingi ya Marekani katika tabaka mbili za karatasi. Balbu ya sodiamu ya wati 250 hutoa mwanga wa takriban lumeni 27,500 (lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga), zaidi ya zebaki ya wati 400, na umeme ulipopanda bei katika miaka ya 1970, miji iliona hesabu hiyo.

Ya tatu, M-250R2, pia ya General Electric, sina mengi ya kuisema. Ni ndogo, nyepesi, ina mlango mmoja tu, na choki imerudi kukaa ndani ya mwili. Inafaa mitaa ya makazi, lakini ukishazoea mlango wa M-400 unahisi umerudishwa nyuma.

Westinghouse iliuza biashara yake ya taa kwa kampuni ya Cooper mwaka 1982. Sheria ya nishati ya Marekani ya 2005 ilipiga marufuku kutengeneza na kuingiza nchini choki za balbu za zebaki kuanzia Januari 2008, kisha LED zikamaliza zilizobaki. Sizichukii LED, kwa sababu umeme zinaookoa ni mwingi. Ninachokilalamikia ni kwamba nyingi nilizozifunga zimeundwa zitolewe nzima na kutupwa, bila kitu cha kuchomoa na kuchomeka.

Msomaji aliye Afrika Mashariki anayefikiria kuagiza moja ya mtumba azingatie haya. Choki za Marekani zimeundwa kwa hezi 60. Ukizilisha umeme wa hezi 50 hupitisha mkondo mkubwa kuliko zilivyokusudiwa na kupata joto la hatari, hata kama volti zinalingana. Nyuzi za holda, zile za kuzungushia balbu, nazo ni za saizi ya E39, si E40 tuliyoizoea. Kabla ya kugusa chochote, toa chaji ya kapasita. Ikiwa balbu ya zebaki ina ufa kwenye kioo cha nje, usiiwashe hata kwa kujaribu, maana kile cha ndani huweza kuendelea kuwaka na kumwaga miale inayochoma macho na ngozi. Nunua M-400 ukitaka kuitumia, na hakikisha mlango wa nyuma umo na plagi yake haijakatwa, kwa kuwa wauza vyuma hukata waya kwanza ili wapate shaba. OV-25 inunue kwa ajili ya kuitazama. Yangu nimeitundika ukutani karakana, haina choki ndani, imefungwa balbu ya kawaida ya LED, na bakuli lake linatupa mistari ya mwanga hadi kwenye dari.