Fundi wa umeme wa Maweni: anapima kwanza, spea baadaye

Kama taa za dashibodi zinapepesa na uko Malindi au karibu, usinunue alteneta (ile mashine ya injini inayozalisha umeme na kuchaji betri) ya mtu yeyote kabla hujafika kwa fundi wa umeme wa magari aliye Maweni, kwenye kibanda cha mabati chini ya mwarobaini. Kibao hana. Ulizia fundi waya, utaonyeshwa.

Gari langu, Toyota Probox, linabeba samaki. Alfajiri huwa niko Ngomeni, kisha narudi kupitia Gongoni na Mambrui hadi mjini, masanduku ya barafu yakiwa nyuma. Ugonjwa ulianzia barabara ya vumbi: gurudumu likiingia shimoni taa za dashibodi zinafifia, zinarudi, na mshale wa mafuta unaruka. Baadaye hata kwenye lami zikawa zinacheza, hasa nikiwasha taa kubwa na feni kwa pamoja. Kuendesha usiku hivyo kunatisha.

Gereji ya kwanza niliyopeleka, ambayo sitaitaja, iliamua papo hapo kwamba alteneta imekufa. Nilete shilingi 12,000, nitafutiwe iliyotumika ya Japani. Mita haikuguswa. Kijana mmoja akataka kuchomoa kichwa cha betri injini ikinguruma, eti gari likizimika ndio ushahidi. Nilimkataza. Mtindo huu uko kwenye gereji nyingi na unaniudhi mno, kwa sababu betri ikitolewa ghafla volti za alteneta zinaweza kupanda kwa kishindo zikaunguza daiodi zake mwenyewe, au kompyuta ya gari. Mteja masikini atalipia hayo yote na hatajua yametoka wapi.

Yule wa Maweni alianza kwa maswali. “Mama, zinapepesa za dashibodi peke yake au na za mbele pia? Ukikanyaga mafuta zinaongezeka mwanga? Zinacheza gari likiwa limesimama, au mpaka lirushwe?” Alinieleza kila jibu linampeleka wapi. Zikipepesa za dashibodi tu na za mbele zimetulia, atatazama swichi ya kupunguza mwanga na soketi iliyo nyuma ya dashibodi. Zote zikipanda na kushuka pamoja na mwendo wa injini, atashuku mkanda unaoteleza, kaboni za alteneta zilizokwisha, au regileta yake inayodhibiti volti. Zikicheza kwa mashimo, basi kuna waya umelegea au umeliwa. Yangu zilicheza zote, na mashimo ndiyo yaliyozichochea.

Kisha akatoa mita na kunisogeza nione namba mwenyewe. Betri injini ikiwa imezimwa: volti 12.5. Injini ikiwaka: 14.1. Akawasha taa kubwa, feni, kila kitu, ikashuka hadi 13.8 na ikakaa hapo. Alteneta nzima kabisa! Ile iliyohukumiwa kifo bila kupimwa.

Akaacha taa zikiwaka, akaweka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye chuma cha injini. Karibu sifuri. Akaihamisha ile ya pili kwenye bodi, na mita ikasoma 1.3. Hapo akatikisa kichwa. Kati ya betri na bodi, alisema, haipasi kuzidi 0.2, maana huo ni umeme unaopotelea njiani badala ya kurudi kwenye betri. Alikuwa ameupata: waya wa athi wa bodi, yaani ule unaorudisha umeme kutoka kwenye bodi hadi kwenye betri.

Kwa nje waya ule ulikuwa na ngozi nyeusi safi. Alipoukunja karibu na bolti, ungaunga wa kijani ukamwagika, na ndani zilibaki nyuzi chache tu za shaba zilizoshika. Tunapita kando ya mabwawa ya chumvi ya Gongoni kila siku, madimbwi yanarushwa chini ya boneti, na upepo wa bahari haupumziki. Alinituma dukani kununua waya mnene zaidi, akabana kichwa kipya, akapiga msasa chuma cha bodi mpaka kikang'aa, akafunga bolti na kupaka grisi juu ili unyevu usiingie. Akapima tena: 0.05. Bila kuombwa, akainua zulia la nyuma ambako masanduku yangu huvuja, akasafisha pia athi ya taa za nyuma iliyokuwa imeanza kushika kutu.

Kwa yote hayo nililipa shilingi 1,800, waya ukiwamo. Tangu hapo dashibodi imetulia, hata kwenye mashimo ya Ngomeni.

Ana upungufu wake. Risiti hatoi, kwa hiyo mwenye gari la kampuni aende na kitabu chake. Spea haweki, utatembea wewe madukani. Pa kukaa hakuna ila tairi kuukuu, na mchana jua linakuja upande huo. Simu akiwa kazini hapokei. Mimi hilo nalipenda, ila mwenye haraka litamkera. Nenda asubuhi mapema gari likiwa halijawa na moto, kwani anapenda kupima betri iliyolala usiku kucha. Ijumaa anafunga kwenda msikitini na hana saa maalumu ya kurudi, kwa hiyo siku hiyo usimpelekee gari unalolihitaji jioni.