Taarifa za kamati za Bunge kuhusu fedha za elimu na ajira: tathmini ya msomaji

Kwa misimu mitatu ya bajeti nimekuwa nikisoma taarifa za kamati za kudumu za Bunge la Tanzania kuhusu fedha za elimu na ajira, na nimeona ni haki kuzipima kama tunavyopima huduma nyingine yoyote inayolipiwa na wananchi, yaani kuuliza kama anayeifuata anaondoka na alichokijia. Mimi nilikuja na swali dogo. Nilikuwa mjumbe wa kamati ya shule ya msingi, na nilitaka kujua ruzuku ya uendeshaji ambayo shule yetu hupokea iliidhinishwa kiasi gani, ilitolewa kiasi gani, na ni nani bungeni aliyeuliza kuhusu tofauti hiyo.

Nianze na kinachostahili sifa, na si kidogo. Taarifa ya kamati imeandikwa kwa Kiswahili tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, Kiswahili cha kazi, chenye fungu (sehemu ya bajeti yenye namba yake, inayopewa wizara au taasisi), kasma (mstari wa matumizi ndani ya fungu), randama (maelezo ya kina ya makadirio) na afisa masuuli (mtendaji anayewajibika kwa fedha za fungu), na msomaji anayevumilia kurasa kumi za kwanza huzoea istilahi hizo bila kamusi. Taarifa husomwa bungeni mara baada ya hotuba ya waziri, kwa hiyo katika Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge, unaweza kuziweka pamoja na kuona waziri alisema nini na kamati ilisema nini siku hiyo hiyo. Tangu uchaguzi wa mwaka 2020 uliacha Bunge bila kambi rasmi ya upinzani, ile hotuba mbadala iliyokuwa ikisomwa baada ya kamati ilitoweka, na taarifa ya kamati ikabaki kuwa maandishi pekee ya kina ndani ya mjadala ambayo hayakuandikwa na wizara. Uzito huo unaonekana unapoyasoma.

Sehemu iliyo bora kuliko zote, na ambayo ningemshauri kila msomaji aanze nayo, ni ile inayolinganisha fedha zilizoidhinishwa na fedha zilizotolewa. Bajeti yetu huanza tarehe 1 Julai na kuishia tarehe 30 Juni, na kamati hukutana na wizara kabla ya mkutano wa Aprili, kwa hiyo takwimu za utekelezaji mara nyingi huishia Februari. Hapo ndipo maneno ya hotuba hukutana na hesabu. Wizara inaweza kuwa imeidhinishiwa fedha nyingi za maendeleo, lakini ukishaona zilizokwisha kutoka Hazina baada ya miezi minane, unaelewa kwa nini bweni fulani halijaezekwa. Nimejifunza pia kuuliza ndani ya fedha hizo za maendeleo mna nini. Kwa miaka mingi mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, inayotolewa na Bodi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, imehesabiwa humo humo katika Fungu 46 la Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia. Katika mwaka wa fedha 2018/2019 mikopo hiyo ilitengewa shilingi bilioni 427.5, na kiasi kikubwa namna hiyo hutoka kwa kuwa wanafunzi hawawezi kusubiri. Ukiiondoa mikopo, ndipo utajua kama maabara na madarasa nayo yamepata fungu lao au wastani mzuri umebebwa na mikopo peke yake. Msomaji asiyejua hilo atadhani utekelezaji umekwenda vizuri kuliko ulivyokwenda.

Swali langu la ruzuku, hata hivyo, sikulipatia jibu katika taarifa ya elimu, na ilinichukua msimu mzima kuelewa sababu. Elimu ya msingi huendeshwa na halmashauri chini ya Ofisi ya Rais, TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa), kwa hiyo fedha zake hazimo katika Fungu 46 bali katika Fungu 56 na mafungu ya mikoa, na kamati inayoyahoji ni nyingine. Niliyoyatafuta yalikuwa haya: kiwango cha ruzuku kwa mwanafunzi wa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka, kiwango kilichowekwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na kwa utaratibu uliozoeleka shilingi 6,000 hupelekwa shuleni na 4,000 hubaki kwa ajili ya vitabu. Kwa mwanafunzi wa sekondari ni shilingi 25,000. Shule yenye watoto 800 ina maana inapata shilingi 4,800,000 kwa mwaka, sawa na 400,000 kwa mwezi, na hiyo ndiyo ya chaki, karatasi za mitihani, ukarabati wa madawati, ankara ya umeme na kitasa cha mlango wa ofisi. Tangu elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, mwalimu mkuu hawezi kumtoza mzazi ada, na ni vyema hivyo, lakini ndiyo maana kila shilingi ya ruzuku inayochelewa huonekana darasani. Nilitegemea kamati moja imuulize waziri mmoja swali hilo lote. Nilikuta waziri wa elimu anasimamia sera, mitaala na ithibati, na mwenzake wa TAMISEMI anasimamia shule, walimu na ruzuku, kila mmoja mbele ya kamati yake.

Ukifuata mtoto huyo huyo hadi anapotafuta kazi, hali inazidi kutawanyika. Vyuo vya ufundi stadi vya VETA vimo katika wizara ya elimu, lakini tozo ya kuendeleza ujuzi inayolipwa na waajiri hukusanywa na Mamlaka ya Mapato na huhojiwa zaidi wakati wa mapendekezo ya kodi, ambapo hoja huwa ni kiwango chake, kilichoshuka hadi asilimia 3.5 mwezi Julai 2023, kuliko vijana wangapi wamejifunza kwa tozo hiyo. Programu za kukuza ujuzi zimekuwa katika Fungu 65 chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotolewa kama mikopo, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, huangukia kwa kamati ya hesabu za Serikali za Mitaa baada ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu kuibua hoja. Mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023 ili utaratibu upangwe upya, ikarejeshwa mwaka uliofuata, na katika kipindi hicho chote sikuona taarifa hata moja iliyouliza vijana waliohitimu VETA mwaka ule walielekezwa wapi. Kila kamati ilifanya kazi yake ndani ya mipaka yake. Fedha ndizo zinazovuka mipaka, nao wahojiwa hubaki pale pale.

Udhaifu wa pili ni ufuatiliaji. Taarifa nyingi zina sehemu ya utekelezaji wa ushauri wa kamati wa mwaka uliopita, na nilipoiona mara ya kwanza nilifurahi sana. Nikaweka taarifa mbili zinazofuatana mezani, kalamu mkononi, nikitaka kuunganisha kila ushauri na jibu lake. Ushauri mmoja ulikuwa umegawanyika kuwa miwili, mwingine umeunganishwa na jirani yake, na majibu mengi yaliishia kwenye maneno ya aina ya kwamba Serikali imepokea na inaendelea kufanyia kazi, bila kiasi wala tarehe. Ripoti za Mkaguzi Mkuu hufanya jambo hili kwa nidhamu zaidi: kila pendekezo hupangwa katika kundi la yaliyotekelezwa, yanayotekelezwa, yasiyotekelezwa au yaliyopitwa na wakati, na hutolewa pia toleo la wananchi. Kamati zina ripoti hizo mkononi kila mwaka, kwa kuwa Katiba, ibara ya 143, inamtaka Rais kuhakikisha zinawasilishwa bungeni ndani ya siku saba tangu kikao cha kwanza baada ya kuzipokea. Kuazima jedwali hilo kusingehitaji sheria mpya.

Kuhusu upatikanaji, Hansard ni hazina, lakini imewekwa kama ghala lisilo na rafu. Kikao cha siku moja ni faili moja refu. Unatafuta neno ruzuku unapita katikati ya maswali ya maji na barabara, na kila baada ya aya chache unakutana na (Makofi) katika mabano. Mjadala wenyewe una uhai wake. Ukimwona mbunge amesimama katika Kamati ya Matumizi, pale Bunge zima linapopitia makadirio fungu kwa fungu, kushika shilingi ya mshahara wa waziri, yaani kutishia kuiondoa hadi ajibiwe, soma polepole, kwa kuwa hapo waziri hulazimika kutoa ahadi inayoeleweka ili shilingi irudi. Kisha muda ukiisha hupita kile kinachoitwa gilotini, yaani mafungu yaliyobaki hupitishwa kwa pamoja bila hoja. Januari 2016 Serikali ilipotangaza kwamba TBC, shirika la utangazaji la taifa, haitarusha tena mubashara vikao vyote, ilitaja gharama ya shilingi bilioni 4.2 kwa mwaka. Tangu hapo maandishi yamekuwa na kazi kubwa zaidi kwa wananchi wasio na muda wa kukesha na video, na ndiyo maana faharasa ya mafungu, yenye kiungo kutoka kila fungu hadi taarifa ya kamati na jibu la waziri, ingekuwa msaada ambao hata mwalimu mkuu wa kijijini angeufungua kwenye simu yake.

Kwa mtu anayetaka kujua wizara moja imetumiaje fedha zake, ninazipendekeza taarifa hizi bila kusita. Hakuna maandishi mengine ya Kiswahili yatakayompa picha hiyo kwa uwazi huo. Kwa mtu anayetaka kumfuata mtoto kutoka darasa la kwanza hadi ajira, ajiandae kufungua taarifa nne au tano na kuzishona mwenyewe. Mimi nimezishona kwa penseli kwenye karatasi moja kubwa, na nakala yake iko ukutani katika ofisi ya mwalimu mkuu, ikiwa na safu ya mwisho iliyoachwa wazi kwa ajili ya majibu ya Aprili.